Kompaila mbili kwenye laptopu moja, bila kugusa ile ya mfumo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu ni wa mvua za masika, na natumia WRF 3.9.1 (programu ya kukokotoa hali ya hewa) kwa sababu ndiyo kundi letu limeitumia tangu mwanzo. Laptopu yangu ina Ubuntu 24.04. WRF ilikataa kujengeka kwa gfortran 13, kompaila ya Fortran (yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa), ikalalamika kwamba aina za hoja hazilingani. Nikaweka gcc-9 na gfortran-9, kisha kwa update-alternatives, amri ya kuchagua toleo litakaloitwa kwa jina fupi, nikazifanya ndizo za mfumo mzima. Tangu hapo mambo yameharibika. Folda ya netCDF (maktaba ya kusoma na kuandika data ambayo WRF inaihitaji) niliyoinakili kwa flashi kutoka kompyuta ya maabara (yenye Ubuntu 18.04) inakataliwa, naambiwa netcdf.mod imetengenezwa na toleo jingine. Programu yangu nyingine ya C++ inayotumia <format> haijengeki tena. Na kerneli, kiini cha mfumo, iliposasishwa, draiva ya kifaa cha Wi-Fi cha USB, ambayo huwa naijenga mwenyewe kwa make, imegoma. Niweke Ubuntu upya? Au niwe na Ubuntu mbili, moja ya WRF na moja ya kazi nyingine?

JIBU: Marahaba. Usifute Ubuntu, wala usiweke ya pili pembeni. Mashine yako ni nzima. Katika matatizo uliyoyataja, mawili umeyaleta kwa amri moja, lile la netCDF limekuja na flashi, na lile la kwanza la WRF lina dawa ambayo huenda isihitaji gcc-9 kabisa. Tutayafuata yote, lakini si kwa mpangilio uliyoyaandika, kwa sababu kwanza turudishe mfumo ulipokuwa.

Kwenye Ubuntu, /usr/bin/gcc si kompaila. Ni kiungo tu kilichowekwa na kifurushi kiitwacho gcc, nacho kwenye 24.04 kinaelekeza kwenye gcc-13. Kila skripti, kila Makefile na kila kisakinishi kinachosema "gcc" bila namba kinapita hapo. Walioandaa Ubuntu 24.04 walichagua 13, wakajenga mfumo mzima kwa kudhani hivyo. Ulipogeuza kiungo hicho kielekee 9, hitaji la mradi mmoja limekuwa amri kwa mashine nzima. Baya zaidi, mashine yenyewe haikutii yote. Jina refu la kompaila hiyohiyo, x86_64-linux-gnu-gcc, halikuguswa na update-alternatives yako, na ndilo jina ambalo Python ya Ubuntu hulitumia inapojenga viendelezi vyake vya C. Kwa hiyo kwa siku zote hizi baadhi ya vitu vimekuwa vikijengwa kwa 9 na vingine kwa 13, wala hakuna ujumbe wowote uliokuambia.

Draiva ya Wi-Fi ni mfano mzuri wa madhara hayo. Andika cat /proc/version na utaona kerneli yako ilijengwa na kompaila ipi. Kwa kerneli 6.8 iliyokuja na 24.04 ni gcc 13. Unapojenga draiva nje ya kerneli, make inaingia kwenye folda ya vichwa vya kerneli (faili za matamko yake) na kuchukua machaguo yote ambayo kerneli yenyewe ilijengwa nayo. Mojawapo ni -ftrivial-auto-var-init=zero, ambalo limeingia kwenye GCC kuanzia toleo la 12. gcc-9 hailijui, inasimama. Fungua ujumbe wa make uangalie mstari wa kwanza wa kosa, naamini utalikuta chaguo hilo hapo. Na <format> ni hadithi fupi zaidi: std::format imeingia kwenye maktaba ya C++ ya GCC katika toleo la 13. Hakuna -std yoyote utakayoiandika itakayoifanya g++-9 iwe na kitu ambacho haikuzaliwa nacho.

Basi rudisha viungo:

sudo update-alternatives --remove-all gcc
sudo update-alternatives --remove-all g++
sudo update-alternatives --remove-all gfortran
sudo apt install --reinstall gcc g++ gfortran

Ikiwa uliisajili g++ chini ya gcc, amri ya pili italalamika kwamba hakuna kitu kama hicho, endelea tu. Kwa kuwa Wi-Fi yako imelala, unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti yake. Bando halitaisha, kwa maana vifurushi hivyo vitatu ni vidogo sana: ndani yake hamna kompaila, mna viungo tu vya kuelekeza kwenye gcc-13 na wenzake ambao bado wapo kwenye diski yako. Ukimaliza, ls -l /usr/bin/gcc ionyeshe gcc-13. Jenga draiva, anzisha tena kompyuta, na Wi-Fi irudi kabla hatujaendelea. gcc-9 na gfortran-9 hazijaondoka. Zipo palepale, ila sasa zinaitwa kwa majina yao kamili.

Kuita kwa jina kamili ndiyo njia yenyewe, na ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko amri yoyote nitakayoandika hapa. Kompaila za Ubuntu zimeandaliwa zikae pamoja. Ya 9 ina folda yake /usr/lib/gcc/x86_64-linux-gnu/9, ya 13 ina yake. Vichwa vya C++ viko /usr/include/c++/9 na /usr/include/c++/13. Hazigombani. Kitu wanachoshirikiana ni maktaba za kuendeshea programu, yaani libstdc++.so.6, libgfortran.so.5 na libgcc_s.so.1. Hizo zipo nakala moja tu kwa kila aina, na nakala hiyo inatoka kwenye GCC mpya kuliko zote iliyomo ndani ya toleo hilo la Ubuntu, kwenye 24.04 ni GCC 14. Inawezekana kwa sababu maktaba hizo huongezewa vitu bila kuondolewa vya zamani, hivyo programu iliyojengwa kwa 9 inaendeshwa na maktaba ya 14 bila shida. Ndiyo maana nakushauri kila mara uchukue kompaila ya apt ikiwa ipo, kabla hujafikiria kujenga GCC mwenyewe ndani ya /opt. Ukijenga mwenyewe, kila moja inakuja na lib64 yake, na kazi ya kuhakikisha programu imepata maktaba iliyo sahihi inakuwa yako.

Sasa tengeneza faili moja ndani ya folda ya WRF, liite mazingira.sh:

export CC=gcc-9
export CXX=g++-9
export FC=gfortran-9
export F77=gfortran-9
export OMPI_CC=gcc-9
export OMPI_FC=gfortran-9
export NETCDF=$HOME/wrf/gcc9/netcdf
export PATH=$NETCDF/bin:$PATH
export LD_LIBRARY_PATH=$NETCDF/lib:$LD_LIBRARY_PATH

Kila unapotaka kufanya kazi ya WRF, fungua dirisha jipya la amri, ingia kwenye folda hiyo, andika source mazingira.sh. Ukifunga dirisha, yote yamekwisha, na mashine haikumbuki kitu. Usiyaweke mambo haya kwenye .bashrc. Nimeona wanafunzi wengi wakifuata maelekezo ya WRF yanayowaambia waandike vigeu hivi kwenye .bashrc, na mwaka mmoja baadaye programu nyingine kabisa inashika netCDF isiyo yake na hakuna anayekumbuka kwa nini. LD_LIBRARY_PATH hasa ni hatari ikiachwa wazi, kwa sababu inatangulia mbele ya maktaba za mfumo kwa kila programu inayoanzishwa kutoka dirisha hilo.

Vigeu viwili vyenye OMPI vina sababu: ni vya Open MPI, maktaba inayogawa hesabu kwa vichakataji vingi. mpif90 si kompaila, ni kifuniko kinachoita kompaila nyingine. Kwenye Ubuntu kifuniko hicho cha Open MPI kitaita gfortran ya mfumo hata kama FC inasema 9, mpaka umwambie kwa OMPI_FC. Andika mpif90 --showme usome neno la kwanza linalotokea. Kama unatumia MPICH, kigeu ni MPICH_FC na swali ni mpif90 -show. Hapa ndipo wengi hupotea: wanaona FC=gfortran-9 wameandika, wanaamini, kumbe nusu ya WRF imepita kwenye mpif90 na kujengwa kwa 13.

Na angalia jina la folda: gcc9/netcdf. Siku utakayojenga netCDF kwa kompaila nyingine, iwekwe gcc13/netcdf, isije ikaandikwa juu ya hii. Kama unatumia Anaconda, ondoka kwanza kwenye mazingira yake kwa conda deactivate kabla ya kujenga chochote, maana nayo huwa na nc-config yake inayoweza kutangulia kwenye PATH.

Tuje kwenye netcdf.mod, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye elimu.

Kompaila ni kama fundi anayekuja na mkoba wake: vichwa vyake, maktaba zake, na namna yake ya kuandika kumbukumbu. Lugha tatu unazozigusa zinatofautiana sana katika hilo. C ina utaratibu ambao haujabadilika, hivyo zlib au libpng iliyojengwa kwa kompaila yoyote ya mashine yako itaungana na programu iliyojengwa kwa nyingine. Kwa hiyo hizo zichukue apt, usipoteze muda kuzijenga. C++ iko katikati. Mabadiliko makubwa yalikuwa ya GCC 5, mwaka 2015, ilipobadilisha muundo wa std::string na std::list; tangu hapo mambo yametulia. Fortran ndiyo yenye ukali. Moduli ya Fortran inapokompailiwa inatoa faili la .mod, na faili hilo si sehemu ya kiwango cha lugha; ni daftari la ndani la kompaila husika. Ya gfortran haisomwi na ifort, kompaila ya Intel, na ya gfortran ya zamani huenda isisomwe na gfortran mpya.

Huna haja ya kubahatisha. Faili la .mod la gfortran limebanwa kwa gzip, hivyo:

zcat netcdf.mod | head -1

Mstari unaotokea utakuwa na namba ya muundo wa moduli. Kompyuta ya maabara yenye Ubuntu 18.04 ina GCC 7, na GCC 7 huandika 14. Kuanzia GCC 8 hadi 14 namba ni 15. GCC 15 imeipandisha hadi 16. Kwa hiyo faili lako la flashi lina 14, na gfortran-9 na gfortran-13 zote zinataka 15. Kubadili kompaila ya mfumo kusingekusaidia hata kidogo, ungekwenda 9, 10, 11 au 12 jibu lingekuwa lilelile. Na hata kama .mod ingesomeka, maktaba yenyewe iliyojengwa kwa GCC 7 inaitaka libgfortran.so.4, na Ubuntu 24.04 ina libgfortran.so.5 tu. Folda ile ya flashi haina kazi kwenye mashine yako. Ifute, ili usije ukaitumia tena usiku wa manane kabla ya tarehe ya kuwasilisha.

Kuna neema iliyofichika humo. Kwa kuwa 9 na 13 zinashiriki namba 15 na zinashiriki libgfortran.so.5, netCDF ya apt iliyojengwa kwa 13 inasomeka pia na gfortran-9. Wapo wanaotengeneza folda yenye viungo viwili, include na lib, vikielekea /usr/include na /usr/lib/x86_64-linux-gnu, wakaipa WRF kama NETCDF, na inafanya kazi. Mimi bado nakushauri ujenge ya kwako, maana ni kazi ya dakika chache, na utajua kila kilichomo kimetoka kwa kompaila ipi. Ukiwa ndani ya dirisha lenye mazingira.sh, ingia folda ya netcdf-c:

./configure --prefix=$NETCDF --disable-dap --disable-netcdf-4
make && make install

Kisha ndani ya folda ya netcdf-fortran:

CPPFLAGS=-I$NETCDF/include LDFLAGS=-L$NETCDF/lib ./configure --prefix=$NETCDF
make && make install

Zote mbili ziende kwenye $NETCDF ileile, WRF inazitafuta mahali pamoja.

WRF yenyewe ina tabia ya zamani: haisikilizi CC wala FC. Skripti yake ya configure inaandika majina ya kompaila moja kwa moja kwenye faili la configure.wrf. Baada ya kuendesha ./configure na kuchagua gfortran pamoja na gcc kwa dmpar (kuendesha sambamba kwa MPI), fungua configure.wrf, tafuta mistari ya SFC, SCC na CCOMP, ubadilishe gfortran iwe gfortran-9 na gcc iwe gcc-9. Kwa skripti sugu zaidi, zenye jina gcc katika pembe nyingi, tengeneza folda ndogo ya viungo:

mkdir -p ~/wrf/gcc9/bin
ln -s /usr/bin/gcc-9 ~/wrf/gcc9/bin/gcc
ln -s /usr/bin/gfortran-9 ~/wrf/gcc9/bin/gfortran

na uiweke mwanzo wa PATH ndani ya mazingira.sh. Hapo ndani ya dirisha hilo "gcc" itamaanisha 9, na kwingine kote itabaki 13. Ni kilekile ulichokitaka kwa update-alternatives, ila bila sudo na bila kumgusa mwingine. Kabla ya kujenga upya endesha ./clean -a, kwa sababu mabaki ya .mod na .o ya jaribio la jana yatachanganyika na ya leo.

Ukikutana na kosa kwamba rpc/types.h haipo, hilo si la kompaila. Vichwa hivyo vilikuwa sehemu ya glibc, maktaba ya msingi ya C, vikaondolewa katika glibc 2.32 ya mwaka 2020, na Ubuntu yako ina 2.39. Weka libtirpc-dev, kisha ongeza -I/usr/include/tirpc kwenye machaguo ya C ndani ya configure.wrf.

Programu ikijengeka, usiniambie tu "imepita". Thibitisha:

readelf -p .comment main/wrf.exe
ldd main/wrf.exe | grep -E 'gfortran|netcdf'

Amri ya kwanza inaonyesha matoleo ya kompaila yaliyoacha alama ndani ya programu. Ukiona 9 na 13 pamoja usishtuke mara moja, kwa kuwa vipande vidogo vya kuanzishia programu huja na alama ya kompaila iliyojenga glibc. La pili ndilo la uhakika: kila maktaba iliyotajwa iwe inatoka pale unapotarajia, na pasiwe na mstari unaosema haikupatikana.

Sasa swali ambalo hukuuliza, lakini naona ni zito kuliko yote. Je, unaihitaji gcc-9 kweli?

WRF 3.9.1 ilitoka Agosti 2017, wakati GCC mpya ilikuwa ya 7. Mwezi Mei 2020 GCC 10 ikatoka na ukali mpya: ikiwa utaratibu mmoja wa Fortran umeitwa sehemu mbili kwa hoja za aina tofauti, ni kosa, na kabla ya hapo ilikuwa onyo tu. Msimbo wa WRF wa miaka ile umejaa miito ya namna hiyo, hasa kwenye sehemu za MPI. Haukuwa umeharibika, kompaila ndiyo iliyokaza kamba, na waliokaza waliacha mlango. Ongeza -fallow-argument-mismatch kwenye machaguo ya Fortran ndani ya configure.wrf, na ikilalamikia namba zilizoandikwa kwa mfumo wa biti, ongeza -fallow-invalid-boz. Kwa machaguo hayo gfortran-13 ina nafasi nzuri ya kuijenga WRF yako. Angalia tu kwamba gfortran-9 haiyajui machaguo hayo mawili, itayakataa, hivyo configure.wrf ya 13 usiipeleke kwa 9. Na usipande hadi gcc-14 kwa msimbo huu, kwa kuwa toleo hilo la 2024 limefanya iwe kosa kuita kazi (functions) za C ambazo hazijatangazwa, na C ya zamani inazo nyingi.

Uamuzi wako utegemee unalinganisha na nini. Kama unaanza mfululizo wako mwenyewe wa majaribio, tumia 13 yenye machaguo hayo, upunguze mzigo. Kama unalinganisha matokeo na yale ambayo wenzako wamekwisha yapata kwa kompaila ya zamani, basi shika kompaila ya zamani na usibadili katikati. Kompaila mbili hupanga hesabu kwa mfuatano tofauti, na tarakimu za mwisho zinatofautiana. Kwenye programu nyingi hilo halina maana. Kwenye angahewa lina maana. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa MIT alirudia hesabu ya modeli yake kwa kuingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda hali ya hewa ya modeli ikawa nyingine kabisa. Mvua yako ya siku ya kumi juu ya Morogoro inaweza kuhama kwa sababu hiyohiyo, na msimamizi wako akadhani umegundua kitu. Kwa hiyo andika kwenye tasnifu toleo la kompaila, machaguo yake yote, na toleo la netCDF. Weka nakala ya configure.wrf pamoja na matokeo. Na jiepushe na -ffast-math, hata kama kuna mtu amekuambia inaongeza kasi.

Kama hitaji ni kulingana kabisa na kompyuta ya maabara, yaani GCC 7 na glibc 2.27 vilevile, basi hapo ndipo kompaila mbili hazitoshi. GCC 7 haipo kwenye hazina ya Ubuntu 24.04, na kuijenga mwenyewe ni safari: sehemu yake ya sanitizer, ya kukagua makosa ya kumbukumbu, haielewani na glibc mpya, hivyo unalazimika kuizima kwa --disable-libsanitizer, na laptopu ya kawaida itasaga kwa saa kadhaa. Tumia kontena, yaani mfumo mwingine uliofungiwa ndani ya huu wako. Podman au Docker, ukiwa na picha ya ubuntu:18.04, inakupa mazingira yaleyale ya maabara ndani ya mashine yako. Picha ya msingi ni ya makumi ya MB tu, bando linaongezeka unapoingiza kompaila ndani yake. Data zako zibaki nje, uziingize kwa -v. Hasara yake ni kwamba Ubuntu 18.04 imemaliza muda wake wa kawaida wa masasisho mwaka 2023, kwa hiyo iwe ya hesabu tu.

Mradi wako wa C++ ni rahisi ukilinganisha na haya. Sasa kwa kuwa mfumo umerudi 13, utajengeka bila kufanya chochote, lakini uandike wazi hata hivyo:

cmake -S . -B jenga-gcc13 -DCMAKE_CXX_COMPILER=g++-13

CMake huamua kompaila mara ya kwanza tu inapoandaa folda, kisha inaikumbuka ndani ya CMakeCache.txt. Ukibadili CXX baadaye ndani ya folda ileile, haitakusikia. Kompaila mpya, folda mpya. Ile ya zamani, iliyoandaliwa wakati gcc ilikuwa 9, ifute nzima.

Ikiwa unapanga kuipeleka programu hiyo kwenye kompyuta nyingine za chuo, kumbuka mwelekeo. Iliyojengwa kwa kompaila ya zamani inaendeshwa na maktaba mpya. Kinyume chake hapana. Ubuntu 22.04 ina libstdc++ inayofika GLIBCXX_3.4.30 (alama ya toleo la maktaba hiyo ya C++), na programu ya g++-13 inaweza kudai 3.4.32, ikagoma kuanza. Ukiiunganisha kwa -static-libstdc++ -static-libgcc dai hilo linaondoka, lakini la glibc linabaki, kwa maana glibc ya mashine unakojengea ndiyo inayoweka kiwango cha chini. Kwa hiyo, kama maabara yenu ina 22.04, jenga ndani ya kontena la ubuntu:22.04. Kompaila ya kawaida humo ni GCC 11, na hazina yake inafika 12, nazo zote mbili hazina <format>. Hapo utachagua: uweke maktaba ya fmt badala ya <format>, au umwombe msimamizi wa maabara apandishe mfumo. Mimi ningeweka fmt, kwa kuwa kubadilisha std::format kuwa fmt::format ni kazi ndogo, na programu itajengeka kwenye mashine zote mbili.

Ukikwama kwenye WRF, usinitumie mwisho wa log.compile. Nitumie kosa la kwanza kabisa humo, pamoja na majibu ya mpif90 --showme na zcat netcdf.mod | head -1.